Engaruka: mkaa ndani ya mfereji wa kale unatoa umri wa mfereji?

kokoto_arusha:
Wakuu, habari za leo. Kibali cha Mambo ya Kale kipo, tunakata mfereji mmoja wa umwagiliaji wa Engaruka, magofu ya wakulima wa kale kaskazini mwa Tanzania; una kingo za mawe, umejaa udongo. Chini kabisa kuna mchanga wa maji, juu yake udongo laini wenye vipande vya mkaa. Mkaa huo ukipimwa kaboni utatuambia mfereji ulijengwa lini? Shimo lenyewe tulikateje?

mfongo_wa_moshi:
Hapana mkuu. Mkaa huo unasema mfereji ulianza kujaa lini. Walioutumia walikuwa wanazoa tope, kama mifongo (mifereji ya asili) ya huku Kilimanjaro inavyozolewa, kwa hiyo mchanga unaouona ni wa maji ya mwisho mwisho. Umri wa kujengwa utafute chini ya ukingo, kwenye udongo uliolaliwa na mawe ya kwanza.

Shimo livuke mfereji moja kwa moja, upana mita 1, lipite kingo zote mbili mita 1 au zaidi. Ukiishia ukingoni utakosa lundo la tope lililozolewa, na hilo ndilo linaloonyesha mfereji ulihudumiwa mara ngapi. Shuka kwa kufuata tabaka, usishuke kwa sentimita kumi kumi. Tabaka za mfereji zimepinda kama bakuli. Ukishuka bapa, vitu vya nyakati mbili vinaingia mfuko mmoja. Ukuta wa shimo ukikauka rangi zinapotea: nyunyiza maji, chora kwa kipimo cha 1:10.

mtama_mkavu:
Naongezea. Usipeleke kipande cha gogo, mti wa miaka 100 utakuzeeshea mfereji. Chukua lita 20 hadi 40 za udongo kila tabaka, elesha kwenye maji, kinga na wavu wa milimita 0.25, utafute punje zilizoungua. Mtama umeshapatikana Engaruka.

Tatizo lingine ni kipindi chenyewe. Makazi yale ni ya karne ya 15 hadi ya 18, na kipimo cha kaboni kwa vitu vya baada ya 1650 hivi hakina msimamo: jibu linaweza kutanda hadi karne ya 20. Hapo pima lini mchanga uliona jua mara ya mwisho. Gongomea bomba la chuma ukutani, ziba ncha zote mbili kwa plastiki nyeusi, mwanga usiingie kabisa. Waambie maabara mapema kwamba ni udongo wa volkano: kipimo hiki hutumia mwanga uliotunzwa ndani ya punje za madini ya kwazi au feldispa. Kwazi huko ni haba, na feldispa za volkano huvujisha mwanga wake, umri ukatoka mdogo kuliko ulivyo.

kokoto_arusha:
Asanteni. Na idadi ya watu, tukadirie kwa eneo la mashamba?

mfongo_wa_moshi:
Msithubutu. Mwanaakiolojia Louis Leakey mwaka 1935 alikisia watu 30,000 hadi 40,000. Mashamba yanafika kilomita za mraba 20, lakini hayakulimwa yote kwa wakati mmoja. Mkimaliza, tandikeni turubai chini na sarafu ya mwaka huu kabla ya kufukia, atakayechimba tena ajue mliishia wapi.