Mafundi, acheni kuunguza selfu! Lori likigoma baada ya kufunguliwa mfumo wa mafuta, toeni upepo kwanza

Wakuu, hili nalisema kwa hasira na sitalipamba. Lori la dizeli linaingia gereji likijiendesha lenyewe. Linabadilishwa filta, au pampu ya kusukumia dizeli inafunguliwa na kupelekwa kupimwa, au nozeli zinazopulizia dizeli ndani ya silinda zinatolewa. Baada ya kufungwa linagoma kuwaka, na uharibifu wenyewe unaanzia hapo. Selfu (mota ya kuwashia injini) inapigwa mpaka inatoa harufu, betri zinakufa, mtu anakuja na kopo la etha anapuliza kwenye njia ya hewa, na mwishowe mwenye gari anaambiwa anunue pampu mpya. Pampu ile ile iliyoliingiza gari gereji!

Injini iliyokuwa inawaka kabla ya kuguswa ina ugonjwa pale palipoguswa. Mbona hili linahitaji kubishaniwa?

Kinachogomesha mara nyingi ni upepo, yaani hewa iliyoingia kwenye njia ya mafuta. Dizeli ikisukumwa na plunja (kijiti cha ndani ya pampu kinachobana mafuta) haibonyei kiasi cha maana, lakini upepo unabonyea. Nozeli za mfumo wa kimekanika zinataka kama bar 200 hivi ndipo zifunguke. Upepo ukikaa ndani ya pampu, plunja inaubana, unanywea, ikirudi nao unatanuka, na presha haifiki popote. Unaweza kupiga selfu mpaka iungue na nozeli haitatema hata tone.

Kwa pampu ya laini (ya kimekanika, plunja zake zimepangwa mstari mmoja), kazi inafuata njia ya mafuta, kuanzia tangi kwenda mbele. Hakikisha mrija wa kunyonyea umezama. Legeza skrubu ya upepo kwenye kichwa cha filta, sukuma pampu ya mkono mpaka povu liishe na dizeli itoke nzima, kisha kaza huku bado unasukuma. Ukiacha kusukuma kwanza ndipo ukaze, upepo unarudi. Hamia skrubu iliyo kwenye pampu yenyewe, fanya vilevile, halafu endelea kusukuma mpaka mkono uone uzito. Baada ya hapo legeza nati za paipu mbili au tatu upande wa nozeli, mafuta yakanyagwe mpaka mwisho, piga selfu. Dizeli ikianza kutoka kwa mapigo bila povu, kaza. Silinda zilizobaki zitajitoa upepo injini ikishashika.

Selfu ipigwe isizidi sekunde 30, ipumzike dakika 2. Inapashwa moto na mkondo mkubwa wa umeme na haina kinachoipoza. Kwenye gari la volti 24, betri zikishuka chini ya volti 18 wakati selfu inazunguka, chaji kwanza. Injini inayozunguka polepole haipati joto la kuwasha dizeli hata kama kila kitu kingine ni kizima.

Sasa onyo, na hili ndilo linaloniudhi kuliko yote: MSILEGEZE PAIPU ZA PRESHA KUBWA KWENYE KOMONI RELI HUKU MNAPIGA SELFU. Komoni reli ni mfumo ambao mafuta yanakaa kwa presha kwenye bomba moja la pamoja na kompyuta ndiyo inafungua nozeli. Injini ikishika, mle ndani presha inaweza kuvuka bar 1,500. Mchirizi mwembamba unatoboa ngozi na kuingiza dizeli ndani ya nyama. Tundu linaonekana dogo, pengine haliumi sana mwanzoni, lakini ni dharura ya upasuaji na mtu anaweza kupoteza kidole au mkono. Komoni reli inatolewa upepo upande wa presha ndogo tu, kwa pampu ya mkono au pampu ya umeme ya tangi. Upande wa pili unajisafisha wenyewe kupitia njia ya marejeo, yaani ya mafuta yanayorudi tangini.

Pampu ya mkono isipokuwa nzito hata baada ya kusukuma sana, ama valvu zake ndogo zimechoka, ama kuna mahali upepo unaingia. Hapa wengi wanapotea kwa sababu wanatafuta panapovuja. Upande wa kunyonya hauvujishi nje, unavuta hewa ndani! Mpira unaweza kuwa mkavu kabisa na bado ndio mwizi. Funga kipande cha mpira unaoona ndani kabla ya pampu na uangalie mapovu, kisha sogeza kipande hicho kurudi nyuma kuelekea tangi mpaka mapovu yapotee. Wahalifu wanajulikana: washa za shaba za zamani zilizorudishwa, oringi ya filta ya zamani iliyobaki imeganda kwenye kichwa na mpya ikafungwa juu yake, klempu iliyolegea, mpira wa kwenda na wa kurudi uliobadilishana nafasi.

Halafu tazameni moshi. Selfu inazunguka vizuri na ekzosi haitoi chochote: mafuta hayafiki. Kabla ya kulaumu pampu, angalia waya wa solenoidi ya kuzimia (kifaa cha umeme kinachokata mafuta) kama umerudishwa na kama umeme unafika, na kama mkono wa kuzimia haujakwama upande wa kuzima. Moshi mweupe ukitoka kwa wingi, mafuta yanaingia lakini hayaungui. Kama pampu ilitolewa, shuku taimingi, yaani pampu kusukuma mafuta kwa wakati unaolingana na mzunguko wa injini. Kwenye injini ya stroki nne pampu inazunguka mara moja wakati krenki (shafti kuu ya injini) inazunguka mara mbili, kwa hiyo alama ya flaiwili (gurudumu zito lililofungwa kwenye krenki) inakutana mara mbili, na moja kati ya hizo ni ya uongo. Silinda namba 1 ikiwa kwenye mbano, valvu zake zote mbili zimefungwa na roka zake zina uwazi. Fungua kava uhakikishe kwa macho.

Kwenye komoni reli kupiga ramli hakufai. Unganisha mashine ya kusomea kompyuta ya gari, soma presha ya reli huku selfu inazunguka. Mifumo mingi inataka kama bar 200 au zaidi kabla kompyuta haijaruhusu nozeli kufunguka. Presha ikiwa ndogo, pima marejeo ya kila nozeli; moja inayorudisha sana inatosha kuiangusha reli nzima. Presha ikiwa nzuri na gari bado halishiki, tazama soketi ya sensa ya krenki na ya kamshafti, maana hizo hung'olewa ili mkono upite na kusahaulika.

Na hiyo etha muiweke chini. Gari lenye plagi za joto au hita ya njia ya hewa linaweza kuilipua kabla ya wakati, ringi zikavunjika na pistoni ikapasuka. Vilevile acheni kujaza filta mpya kwa dizeli ya kwenye ndoo kupitia tundu la katikati. Hilo ni tundu la mafuta yaliyokwishachujwa. Uchafu unaomimina hapo unakwenda moja kwa moja kwenye pampu na nozeli.

Mwenye gari akiambiwa pampu imekufa, adai kuonyeshwa mafuta yanayofika kwenye pampu bila povu, volti za betri selfu ikizunguka, na taimingi au presha ya reli. Kabla hajaonyeshwa hivyo vitatu, asitoe hela ya pampu.