Naomba ushauri: sauti ya baritoni katika "Erlkönig" ya Schubert

Wakuu, naomba msaada kwa wanaofuatilia nyimbo za Kijerumani za mwimbaji mmoja na piano. Nasikiliza baritoni (mwimbaji wa kiume wa sauti ya kati) Dietrich Fischer-Dieskau akiimba "Erlkönig" ("Mfalme wa mizimu"), aliyoitunga Schubert mwaka 1815 kwa shairi la Goethe.

Koo moja linabeba wahusika wanne: msimulizi, baba, mtoto na mfalme wa mizimu. Msimulizi yuko katikati, baba yuko chini kwa sauti nzito ya kifua, mtoto yuko juu. Kilio cha mtoto cha pili cha "Mein Vater" ("Baba yangu") kinaanza juu kuliko cha kwanza, na cha tatu juu zaidi. Hapo sina shida.

Kinachonitatiza ni mfalme wa mizimu. Anabembeleza kwa sauti ndogo mno, lakini kila konsonanti inasikika. Je, hapo baritoni anachanganya sauti ya kichwa (ile nyepesi ya juu) na ya kifua, au anabana pumzi tu? Kwenye spika ya simu siwezi kutofautisha, maana hata mkono wa kushoto wa piano unapotea.

Pia, ufunguo wa asili (ngazi ya noti ambayo wimbo uliandikwa) ni G maina (G minor) na baritoni wengi huushusha. Ukishushwa, zile oktava (noti moja ikipigwa pamoja na ya jina lilelile juu yake) za mkono wa kulia zinazogongwa mfululizo hazipotezi ukali? Nilinganishe rekodi zipi?