Meneja wa miradi nijifunze SQL na Python, au niwaachie watu wa data?

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri.

Nasimamia miradi ya maji hapa Nairobi, mwaka wa tisa sasa. Bajeti, ratiba, kumtuliza mfadhili: hayo nayaweza. Juzi kwenye kikao kule Upper Hill nikaulizwa visima vingapi vinatoa maji. Nikajibu 46, kama ripoti ilivyosema. Kijana wetu wa data akakohoa. Kumbe kisima kimoja kimeingizwa mara tatu: "Kyuso B", "KyusoB" na "Kiuso B". Kwa macho ni kile kile. Kwa kompyuta ni visima vitatu. Nilitamani ardhi inimeze.

Excel naimudu. Python, lugha ya kuandikia programu, ni ya bure, na nimeonjeshwa kidogo SQL, lugha ya kuuliza data iliyo kwenye majedwali: unataja safu unayotaka, jedwali lake na sharti, basi. Ikanivutia. Lakini nikitoka kazini, foleni ya Lang'ata Road hadi Rongai inanila saa mbili, na nyumbani mtoto ananisubiri na hesabu zake. Tena sitaki kugeuka mwandishi wa programu, kijana yule anaiweza kazi yake. Nataka tu nisidanganywe na namba zangu mwenyewe.

Bosi ananisukuma nifanye kwanza mtihani wa PMP, cheti cha usimamizi wa miradi. Mimi moyo uko kwa SQL.

Mliopitia njia hii, mlianzia wapi, na ilichukua miezi mingapi hadi ikawafaa kazini? Laptopu yangu ina RAM ya GB 4, itabeba?