Waandishi wa simulizi, ile "MIAKA MITATU BAADAYE" huyo mwanamke alikula nini hiyo miaka mitatu?

Wakuu habari za saa hizi. Naandika nikiwa na hasira na sitaki kuzificha, najua waandishi wa simulizi mpo wengi humu mnasoma kimya kimya, leo naomba msome hadi mwisho kama sisi tunavyowasoma nyie hadi mwisho tena kwa hela zetu.

Mimi ni fundi cherehani hapa Moshi mjini, mtaa siutaji. Tuko wanawake wanne barazani na binti mmoja anayejifunza kazi. Ikifika mchana kazi ya mkono ndo inakuwa nyingi, vifungo, pindo, kufumua kilichokosewa, basi binti anatusomea simulizi kwenye simu kwa sauti. Na tunazozipenda ni za aina moja, mwanamke mtu mzima, ana ndoa yake na watoto wake, siku moja kila kitu kinamwangukia, kaachwa au kafiwa au kafukuzwa kazi, halafu anakaa chini anajiuliza hivi miaka yote hii mimi nilikuwa naishi maisha ya nani. Hizo ndo zetu. Za majini na majambazi hatuzitaki, tunataka ya huyo mama.

Mwezi uliopita tukaipata moja kwenye grupu la WhatsApp. Sehemu 20 za mwanzo bure, ukitaka iliyobaki unalipa 2,000. Tukachanga mia tano mia tano tukatuma. Mwandishi simtaji maana shida sio yeye peke yake, mngekuwa mnafanya hivi wachache nisingefungua uzi.

Sasa sikilizeni. Sehemu ya 26 ilikuwa nzuri na naisema kwa dhati. Mama wa watu kafukuzwa usiku wa mvua na begi moja na watoto wawili, kalala gesti, asubuhi anatoa hela zote alizonazo anazipanga kwenye shuka, 17,500. Anazigawa mafungu. Fungu la chai ya watoto, fungu la nauli, fungu la vocha, halafu anavunja mafungu anapanga upya kwa sababu kila akigawa kodi ya chumba haipo. Anazikusanya anazipanga tena. Jamani barazani pakawa kimya, hata kwenye mashine hamna aliyekuwa anakanyaga. Kuna mwenzetu mmoja alikuwa anatia zipu kwenye sketi, mguu umesimama kwenye pedeli, sindano iko ndani ya kitambaa, anamwangalia binti mdomoni.

Binti akafungua sehemu ya 27. MIAKA MITATU BAADAYE. Prado nyeupe inasimama mbele ya jengo la ghorofa, anashuka mwanamke kavaa miwani myeusi, walinzi wanasimama, kumbe ni yule mama na kampuni ni ya kwake.

Yule mwenzetu akasema "soma vizuri, umeruka." Binti akarudi juu akatafuta, akasema dada sijaruka, ndo ilivyo. Mwenzetu akauliza "sasa hela ya kodi kaitoa wapi? Mbona hajasema?"

Hakuna aliyemjibu. Wiki ileile ndo tulikuja kujua kwamba mume wake wa ndoa ya miaka 14 ana wiki tatu kahamia kwa mwanamke mwingine, kaondoka na tv na mtungi wa gesi, na mwenye nyumba anadai. (Nimemwomba ruhusa kabla ya kuandika, kasema andika ila jina hapana.) Hakuwa anauliza kama msomaji anayetaka utamu wa hadithi, alikuwa anauliza kama mtu mwenye mgonjwa mgongoni anavyouliza njia ya kwenda hospitali ya Mawenzi. Na wewe mwandishi uliyechukua 2,000 yetu ukamjibu kwa Prado.

Nikamwandikia mwandishi pembeni, kwa heshima kabisa, nikamuuliza hiyo miaka mitatu iko wapi tuko tayari kuilipia hata tena. Akanijibu eti wasomaji wanataka raha, huzuni wanayo nyumbani kwao. Nikamwambia sisi hatujaomba huzuni tumeomba kujua alifanyaje. Kesho yake nikakuta nimetolewa kwenye grupu, na sehemu za mwisho hatujatumiwa mpaka leo. Hela kala. Ila wallahi hela sio inayoniuma.

Kinachoniuma ni hicho kipande mnachokiruka, maana ndo hadithi yenyewe. Kufukuzwa na begi kila mtu anaweza kuandika, na Prado kila mtu anaweza kuandika. Mwanamke akianza tu kufikiria maisha yake mnamwahi, mnamletea bosi kijana mwenye kampuni anayempenda na watoto wake kwa mara ya kwanza tu kumuona, au mnamletea mchungaji, au urithi wa baba ambaye hakumjua, au mnampandisha basi anaenda Dar anashukia Mbezi na mtu wa kumpokea yupo. Halafu mwisho ni uleule, yule mume kafilisika, mchepuko kamkimbia, anarudi anapiga magoti getini. Tumesoma hilo goti mara ngapi? Ina maana mwanamke kapita yote yale ili mwisho wa siku ushindi wake uwe ni mwanaume kupiga magoti? Yeye mwenyewe alijifunza nini kuhusu nafsi yake, alijuta nini, aligundua anapenda nini ambacho alikuwa amekizika tangu siku ya harusi? Hamna. Hamjamuuliza hata swali moja.

Na msiniambie katikati hamna stori. Njooni hapa Moshi niwaonyeshe katikati.

Kwanza chumba. Mwenye nyumba anakuuliza mume wako yuko wapi kabla hajakuuliza jina, halafu anataka kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo. Mwanamke aliyezoea kuitwa mama fulani anasimama pale mlangoni anatakiwa ajieleze yeye ni nani peke yake, hiyo sura nzima ya riwaya ipo pale mlangoni.

Halafu kurudi nyumbani. Nyie mnaandika "akarudi kwa wazazi wake kijijini" mstari mmoja mmemaliza. Mnajua kurudi migombani ni nini kwa mwanamke wa huku? Kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba, ni cha watoto wa kiume, nyumba ya wazazi mara nyingi anabaki nayo mtoto wa mwisho wa kiume, kwa hiyo unapofika na begi lako unayemkuta jikoni ni wifi yako, na jiko ni lake. Unakaribishwa chai. Unapewa kitanda cha watoto. Mama yako anakupenda ila anaongea kwa sauti ya chini ili majirani wasijue umekuja na nguo zote. Siku ya tatu unaanza kufagia uani mapema kuliko wote kama mgeni anayelipa kwa fagio, katika shamba ulilozaliwa. Mimi hilo nimeliona kwa macho yangu kwa ndugu yangu wa damu na sijawahi kulikuta kwenye simulizi hata moja.

Halafu sheria. Hapa ndo nachukia zaidi maana mnapotosha watu. Kila simulizi mume anasema "toka kwenye nyumba yangu" na mwanamke anatoka na yameisha, eti hana chochote kwa sababu hakuwa na kazi. Sheria ya Ndoa ipo tangu 1971, na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ilisema kazi za nyumbani za mke zinahesabika kama mchango wake kwenye mali waliyochuma. 1983! Mimi nilikuwa bado sijazaliwa. Kwamba kupika kufua na kulea ni jasho. Na kabla hujadai talaka mahakamani kwa kawaida mnapitia kwanza baraza la usuluhishi la ndoa, baraza likishindwa kuwapatanisha linatoa hati ndo unaenda nayo, hata Mahakama ya Mwanzo inasikiliza. Fikiria mwanamke amekaa kwenye benchi la baraza, mume kakaa benchi la pili, wazee wanamuuliza "ulimkosea nini mwenzio", na yeye kwa mara ya kwanza inabidi aseme kwa sauti kila alichofanya ndani ya ile nyumba kwa miaka 14, alipika mara ngapi, aliuza ndizi za nani, tofali zilinunuliwa na hela ya kikoba cha nani. Mwanamke anayapitia maisha yake yote pale kwenye benchi. Hiyo mnairuka mnatuletea Prado.

Wapo watakaosema huyu fundi anataka riwaya za kizungu. Sitaki za kizungu. Mariama Bâ alikuwa mama wa Senegal, mwaka 1979 alitoa riwaya ambayo Kiswahili chake kinaitwa Barua Ndefu Kama Hii. Ramatoulaye kafiwa na mume yuko ndani ya eda, miezi minne na siku kumi, anamwandikia shoga yake barua. Huyo mume alishamuacha miaka kabla ya kufa, baada ya miaka 25 ya ndoa na watoto 12, akaoa rafiki wa binti yao. Na mwandishi haruki. Anatuambia jinsi mama alivyoanza kulipa mwenyewe bili ya umeme na maji, kuhangaika na vitasa vilivyoharibika na fundi bomba, kupanda usafiri wa umma baada ya kuzoea gari, na kwenda sinema peke yake huku watu wanamkodolea macho. Kwenda sinema tu! Hamna bosi hamna ghorofa, ila ukisoma pale unaona mtu anasimama kwa miguu yake taratibu, leo mguu mmoja kesho wa pili. Wanaume wanakuja kumposa, shemeji yake akiwemo, anakataa, na sababu zake anazisema. Binti wetu wa barazani alitusomea kipande cha shemeji mara mbili maana tulimlazimisha arudie.

Kwa hiyo inawezekana. Imewezekana 1979, kwa lugha inayoeleweka, na mama aliyekaa ndani tu anaandika barua. Nyie mna simu, mna wasomaji wanaolipa kabla hawajasoma, mna majirani wenu wote hao wanaoachwa na kufiwa na kuanza upya, kwa nini hamuwaulizi? Nenda soko la Memorial hapa Moshi kaa na mama mmoja wa mitumba nusu saa tu umuulize alianzaje. Atakuambia belo la kwanza lilikuwa bovu. Atakuambia marejesho ya kikoba yalivyomfanya ajifiche kwa jirani siku ya Jumapili badala ya kwenda ibada. Andika hiyo kama ilivyo, mimi nitalipa 5,000 sio 2,000.

NYONGEZA: kuna mtu kaniandikia inboksi anasema simulizi ni burudani niache kuchukulia siriasi. Ndugu yangu mwanamke mtu mzima anaposimamisha mashine yenye kazi ya mteja ili asikie mwenzake wa kwenye hadithi alipataje kodi, hiyo sio burudani tena, na kama wewe unaandika na hujui kwamba wanaokusoma wako hivyo basi jua leo.

Na kwa wale mlioniuliza yule mwenzetu aliishia wapi, hajaishia, yupo hapa pembeni yangu anapiga ovaloki. Kodi aliipata hivi. Alichukua sare za shule 40 na kitu ambazo sisi wengine tulizikataa kwa sababu hela ya ufundi wa sare ni ndogo, akashona usiku humuhumu barazani kwa taa ya simu umeme ukikatika, watoto wamelala juu ya marobota ya vitambaa, siku 11. Siku ya 12 akaenda kwa mwenye nyumba na kodi ya miezi miwili, sio mitatu, akamwambia wa tatu utausubiri. Anasema hajawahi maishani kumwambia mwanaume "utasubiri". Alivyorudi alikaa kwenye stuli muda mrefu hajawasha mashine.

Mwenye kujua riwaya au simulizi ya Kiswahili ambayo haijaruka hapo, tafadhali aweke jina na bei hapa chini. Hela tunayo, tunasoma kuanzia saa nane mchana.