Naombeni ushauri: dunia ipi kwa kampeni ya pili, Forgotten Realms, Eberron au Dark Sun?

DaduMkononi
Wakuu habari zenu. Mimi ndo DM, yaani msimulizi anayeendesha mchezo, wa kundi la watu watano, tunacheza D&D (Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu) toleo la tano, kampeni ya kwanza, ile hadithi ndefu ya vikao vingi, tumeimaliza majuzi tukiwa levo ya 8 na wote wanataka tuendelee na wahusika wapya. Tulikuwa kwenye dunia ya kubuni ya Forgotten Realms, pande za Sword Coast, na nimeipenda sana ila kuna kitu kimenikaa rohoni. Mchezaji mmoja ameisoma ile dunia kuliko mimi, nikitaja mji yeye anajua nani anautawala na vita gani ilipita pale, hana nia mbaya hata kidogo lakini wenzake wanne wakazoea kumsubiri aseme ndo nao waamue. Siku moja nikawaletea habari ya jeshi linalokuja kuteketeza mji, nimejiandaa wiki nzima, mmoja akauliza kwa utulivu tu "kwani Elminster yuko wapi?" Huyo ni mchawi wa vitabuni mwenye nguvu kubwa mno pale Realms. Jibu sikuwa nalo. Meza ikapoa, tukafunga vitabu mapema.

Sasa nimebaki na hizo tatu. Wawili kwenye kundi wanapenda upelelezi na maongezi, wawili wanapenda mapigano, na huyo mmoja ndo mtu wa historia. Nataka dunia ambayo wahusika wao wakikaa pembeni kitu kinaharibika kweli. Nisaidieni jamani.

KeteNyeusi
Eberron mkuu, tena bila kufikiria mara mbili. Keith Baker ndo aliyeibuni, ikashinda lile shindano la 2002 la Wizards of the Coast, kampuni ya D&D, na kitabu cha kwanza kikatoka 2004. Swali lako la Elminster pale halipo kwa sababu wenye nguvu kubwa ni wachache mno na wengi wamefungwa na mipaka yao, kwa hiyo kundi likifika levo ya 8 wenyewe ndo watu wa kuitwa usiku. Uchawi upo kila mahali ila ni ule mdogo mdogo wa kazi, taa za barabarani, treni inayosukumwa na umeme wa kichawi, koo zenye alama za joka mwilini zinazoshika biashara za usafiri, tiba, barua. Mungu hashuki kukwambia nani mwongo, na kuhani anaweza kuwa mtu mbaya kabisa na spelo zake, yaani uchawi anaorusha, zikafanya kazi kama kawa, sasa hapo wapelelezi wako wawili watafurahi maana hakuna njia ya mkato ya kujua adui ni nani.

MzeeWaRamani
Naheshimu maoni ila mie natetea Realms. Tatizo lako ndugu yangu si dunia, ni kwamba umefungua ramani yote kwa mpigo. Ed Greenwood alianza kuiwazia hiyo dunia akiwa mtoto, TSR, kampuni ya D&D ya enzi hizo, wakaichapisha 1987, ni miaka mingi mno ya maandishi na hakuna meza inayoweza kuibeba yote. Chukua kijiji kimoja kama Phandalin, waambie wachezaji kabla ya kuanza kwamba kilichoandikwa vitabuni ni uvumi mpaka kitokee mezani kwenu, halafu Elminster ana vita vyake huko mbali. Mimi naendesha hivyo na sijapata shida. Faida yake ni kwamba mchezaji mgeni anaielewa ndani ya dakika tano, msitu una maelfi, mlima una vibete, basi gemu inaanza. Eberron utatumia kikao kizima kueleza.

KeteNyeusi
Kikao kizima hapana mzee wangu. Waambie vita ya miaka mia imeisha juzi na hakuna aliyeshinda, inatosha kuanzia.

BintiWaJangwa
Naomba nimsemee Dark Sun maana naona anarukwa. Athas, dunia yenyewe ya Dark Sun, ni jangwa, uchawi unanyonya uhai wa mimea na udongo, chuma ni adimu hadi watu wanapigana na mifupa na mawe, miungu hakuna, na miji inatawaliwa na wafalme wachawi. Niliiendesha kwa kitabu cha 2010, kile cha toleo la nne. Nilikata kadi 14, kila kadi maji ya mtu mmoja kwa siku, nikaziweka katikati ya meza, na kila jioni ya safari kila mtu anachukua yake anaichana. Watu walikuwa wanne. Jioni ya nne zimebaki kadi mbili na mbele yao kuna kisima kinalindwa na majambazi. Mchawi wetu akarusha spelo yake kubwa, dadu ikaangukia 4. Sheria inamruhusu arushe tena akikubali kuichafua ardhi, lakini wenzake walio karibu wanaumia. Kaishika ile dadu, anawaangalia mmoja mmoja, hakuna aliyesema kitu. Akaiweka chini akasema spelo imekosa. Wakakichukua kile kisima kwa marungu, na mmoja wao alifia pale.

Ila nakuambia ukweli, kwa toleo la tano itabidi sheria za maji, za silaha na za uchawi uzipike mwenyewe, na ukae na wachezaji kabla, maana utumwa na njaa viko kila kona na si kila mtu anataka hayo kwenye mchezo wake.

Mkunja_Kurasa
Kama kila mtu anataka ladha yake mcheki na Golarion, dunia ya Pathfinder, mchezo mwingine wa aina hii. Ustalav ni ya kutisha, Numeria kuna chombo cha angani kilichoanguka na watu wanachimbua mashine zake, ukivuka mpaka ni kama umebadilisha gemu. Kwa shida yako hii lakini naona Eberron.

DaduMkononi
Dada BintiWaJangwa hiyo ya kadi imenishika, naiweka akiba. Wapiganaji wangu wangeipenda, wale wapelelezi sina uhakika. KeteNyeusi, nina hofu na yule mtu wa historia, si ataenda kuisoma Eberron nayo aimalize?

KeteNyeusi
Mwache aisome! Mwaka 994 wa kalenda yao nchi nzima ya Cyre iliangamia kwa siku moja, ukungu ukaifunika, na sababu waandishi wameiacha wazi makusudi kila DM aamue yake. Vita ikaisha 996 kwa mkataba wa Thronehold, gemu inaanza 998, kwa hiyo wakimbizi bado wanatafuta ndugu zao. Atasoma vitabu vyote na lile swali kubwa halimo. Jibu liko kwako peke yako.

DaduMkononi
Duh. Basi nimeshaamua. Nitamwomba mhusika wake atoke Cyre, familia yake ilibaki ndani ya ule ukungu.

MzeeWaRamani
Hapo hata mimi nimekubali. Na kuna gazeti huko linaitwa Korranberg Chronicle, mpe yeye awe anaandika ukurasa wa mbele kila kikao kikiisha, anasimulia walichofanya wenzake.