Kijana amehama heroini kwenda aisi: akizidiwa afanyiwe nini, na sheria inambana vipi?

Mbuyuni_2
Wakuu habari. Kuna kijana mtaani kwetu aliyekuwa kwenye unga (heroini), sasa kahamia aisi (methamfetamini). Akishavuta halali siku mbili tatu, muda wote anachungulia dirishani akidai kuna watu wanamfuata. Mama yake anauliza: akizidiwa afanyweje? Methadoni, ile dawa wanayopewa waraibu wa heroini, itamsaidia? Na akikamatwa, kesi yake ni ya namna gani? Mahubiri tumeshayasikia, tunataka majibu.

Zamu ya Usiku
Mkuu, mama asahau kwanza alichokizoea kwenye unga. Heroini ikizidi, mtu anasinzia na pumzi inakata. Aisi ikizidi, mtu anachemka: moyo unakimbia, presha inapanda, joto la mwili linaweza kuvuka nyuzi 40. Hapo misuli inaanza kuvunjika na mabaki yake yanaharibu figo. Dalili yake ni mkojo mweusi kama Coca-Cola. Mkiuona, hospitali saa hiyohiyo.

Wakati mnasubiri usafiri, mtoeni juani, mvueni nguo nzito, mlowesheni maji mwili mzima na kumpepea bila kuacha. Barafu ikiwepo, iwekeni kwapani na kwenye kinena. Panadol haifui dafu, maana hii si homa ya ugonjwa. Msimfunge kamba: kadiri anavyopambana nayo ndivyo joto linavyopanda. Na yale maziwa ambayo kila mtaa unayaamini muyaache kabisa, akipata degedege yatamwingia mapafuni. Degedege likija, mlazeni ubavu na msimtie kitu mdomoni. Maumivu ya kifua, mdomo kupinda au mkono mmoja kulegea ni moyo au kiharusi, hata kama ana miaka 22.

Daktari aambiwe ukweli alichotumia. Aisi haina dawa ya kuipinga kama naloksoni inavyoipinga heroini. Hospitali watamtuliza kwa diazepam, watampoza na kumtundikia dripu. Kama kachanganya na unga, naloksoni bado ina kazi, ila kwa upande wa unga tu.

Mfamasia wa Kona
Methadoni haigusi aisi. Inakaa kwenye vipokezi vilevile vya heroini, wakati aisi inamwaga dopamini (kemikali ya raha) kwenye ubongo. Kliniki za methadoni, kuanzia ile ya Muhimbili ya 2011, ziliwekwa kwa ajili ya heroini. Kwa uraibu wa aisi tegemeo ni ushauri nasaha wa muda mrefu, hasa ule unaompa mtu zawadi ndogo kila kipimo cha mkojo kinapotoka safi.

Akiacha, siku za mwanzo atalala na kula kama mtu aliyetoka vitani, kisha moyo unamshuka. Wiki mbili za mwanzo asiachwe peke yake, wapo wanaojiua. Hilo la kuchungulia dirishani kwa wengi hupungua wakishalala siku kadhaa; likipita mwezi, apelekwe kwa daktari wa magonjwa ya akili.

Halafu kuna jambo ambalo watu hawaliulizi: ARV. Anayetumia mchanganyiko wenye ritonavir, kama atazanavir/ritonavir, ini lake linachelewa kuivunja aisi, hivyo kiasi kilekile alichozoea kinaweza kumzidi. Hata bila ritonavir, baada ya kama saa 10 nusu ya aisi bado iko mwilini. Anayeongeza jioni anajaza juu ya ile ya asubuhi. Tramadol nayo ikae mbali, inaongeza uwezekano wa degedege.

Kizimbani
Kwa Tanzania ni Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015. Kutumia ni kosa, kukutwa nayo ni kosa, lakini wengi wanaangamia kwenye neno "kusafirisha". Wanadhani ni lori au boti. Kisheria linabeba pia kuuza, kuhifadhi na kugawa. Tangu marekebisho ya 2017, kusafirisha kiasi kisichozidi gramu 200 ni miaka 30. Zaidi ya hapo ni maisha. Kwa hiyo kijana anayemshikia rafiki yake kete "mpaka kesho" hana pa kujificha. Mama naye akiruhusu nyumba itumike kwa kazi hiyo ana kesi yake.

Akikamatwa, wakili aanze na karatasi: hati ya ukamataji imesainiwa na shahidi huru? Kielelezo (dawa iliyokamatwa) kilifungwa mbele ya nani, na kilipita mikono ya nani hadi kwa Mkemia Mkuu wa Serikali? Kesi nyingi huvunjikia hapo.

Na wanaopewa "kamzigo" wapeleke Guangzhou: China, gramu 50 za aisi tu zinafungua mlango wa miaka 15, maisha au kifo. Wanapima uzito wote bila kujali usafi, yaani hata kilichochanganywa humo kinahesabiwa.

Mbuyuni_2
Shukrani wakuu. Kijana yuko kwenye TLD (kidonge cha ARV). Na je, mama anaweza kununua diazepam akae nayo nyumbani?

Mfamasia wa Kona
TLD ina dolutegravir, haina ritonavir, aendelee kumeza bila kuruka. Diazepam hapana. Huyo katoka kwenye unga. Akiwa na heroini au pombe mwilini, kidonge hicho kinaweza kumkata pumzi akiwa usingizini.