Watafsiri wa mjini, hii "ya kimethali" mmeitoa wapi?

Wakuu, imetosha sasa. Neno proverbial likitokea tu kwenye Kiingereza, mtu wa manukuu ya filamu au wa habari za kimataifa anabandika "ya kimethali" halafu huyo, anaenda kunywa chai. "Ni sindano ya kimethali katika rundo la nyasi." Sindano ya kimethali ndo ipi? Inashona methali?

Kwenye the proverbial needle in a haystack, neno hilo halisemi lolote kuhusu sindano. Linamkonyeza msomaji kwamba kitu hiki anakijua tayari, ni kile cha kwenye msemo. Ndiyo maana hutanguliwa na the karibu kila mara. Kiswahili hukonyeza kwa kiashiria: "ni ile ya kutafuta sindano kwenye rundo la nyasi". "Ile" imemaliza kazi! Ukiona haitoshi, ongeza "kama wasemavyo". Na kama picha yenyewe ni ngeni, itupe yote. The proverbial last straw (kale kajambo ka mwisho kanakomshinda mtu) kwenye habari ya mpangaji aliyepandishiwa kodi mara tatu si "jani la mwisho la kimethali". Andika "hapo maji yakamfika shingoni", kila mtu Mbagala ataelewa.

Maana ya pili ndiyo inawapiga chenga kabisa, maana haina methali yoyote ndani. His stinginess was proverbial: ubahili wake hakuna asiyeujua. Ukiandika "ubahili wake ulikuwa wa methali", msomaji anabaki kuisaka hiyo methali.

Nanyi mnaoandika taarifa za Kiingereza hapa Dar hamponi. The proverbial Kariakoo market! Kariakoo ni maarufu, basi andika famous. Proverbial hushika picha ya kwenye msemo, au sifa iliyokuwa gumzo, si kila chenye jina. Wengine wanaitumia kwa maana ya "tajwa", eti the proverbial meeting. Hakuna kitu kama hicho. Ila aliyeandika kwamba wananchi were the proverbial grass yuko sawa, kwa sababu ya tembo kupigana nyasi zikaumia tunaijua wote. Kwa msomaji wa nje, ataje methali nzima kwanza.

Asili: pro hapo haihusiani na professional, acheni kudanganya watoto wa watu. Ni Kilatini, pro "mbele" na verbum "neno". Proverbium ni methali, ikazaa proverbialis, Kiingereza kikaichukua karne ya 15. Mkazo uko kwenye ver. Sisi tunaukandamiza kwenye bi kwa mazoea ya Kiswahili.

NYONGEZA: Aliyeuliza kuhusu the proverbial hit the fan, hapo limesimama kama nomino kuficha neno la matusi, yaani kinyesi. Kuna manukuu yameandika "methali iligonga feni". Jamani! Andika "kikanuka", basi.